Grini kadi inakwisha na wewe uko Mabogini: ufanyeje?

Najua dakika zako za kafe zinahesabika, kwa hiyo naanza na jibu, maelezo yatafuata. Grini kadi ya Marekani haifanywi upya ukiwa Mabogini, wala Moshi mjini, wala Dar, wala popote nje ya Marekani. Hamna ofisi huku ya kupelekea picha, na hamna mtu wa kumlipa hela akakufanyia. Ila usianze kulia. Kadi kuisha muda sio msiba mkubwa kama watu wanavyodhani. Msiba wenyewe uko kwenye kitu ambacho hata hakijaandikwa kwenye kadi, nacho ni hesabu ya siku ulizokaa huku.

Naandika kwa sababu maswali yamekuwa mengi. Hapa kwetu, ukishajulikana tu kwamba unaweza kujaza fomu kwenye intaneti, mtaa mzima unakugeuza wakili wa uhamiaji. Mimi sio wakili. Ninachofanya ni kusoma kurasa za serikali ya Marekani yenyewe, kisha naeleza kwa Kiswahili. Na wewe kijana unayesoma hii, hata kama hujawahi kupanda ndege, ipo siku shangazi au kaka mkubwa aliyekuja likizo atakukalisha mbele ya kompyuta na kukwambia, "Hebu nijazie hii." Siku hiyo ni vizuri ujue unajaza nini, maana dakika kumi za kubahatisha zinaweza kumgharimu mwenzako maisha aliyoyajenga kwa miaka ishirini.

KWA NINI WATU HAWA NI WENGI

Wengi waliondoka kwa bahati nasibu ya visa. Zamani maombi yalitumwa kwa posta. Mwaka 2003 Marekani ikaamua maombi yote yapitie kwenye intaneti, na kuanzia hapo kafe zikawa ndio ofisi zenyewe za bahati nasibu. Sasa piga hesabu. Aliyejaza 2003, akashinda na kuondoka 2005, alipewa kadi ya miaka 10. Ya kwanza ikaisha 2015, ya pili 2025. Ndio maana siku hizi kila Desemba, ndugu zetu wanapokuja kuhesabiwa nyumbani, lazima mmoja atoe kadi mfukoni na kuuliza, "Hivi hii naweza kuifanya upya nikiwa hapa hapa?"

Utauliza, sasa miaka 20 yote kwa nini hakuchukua uraia wa Marekani yakaisha? Swali zuri, na jibu lake liko huku nyumbani. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiapa kule kwa hiari yako, huku unapoteza. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa mtu wa Mabogini mwenye jaruba za mpunga za marehemu baba yake kwenye skimu ya Lower Moshi, au mwenye kihamba huko juu mlimani, hilo sio jambo la kuchezea. Serikali imeleta mpango wa Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania, na hiyo ni hatua, lakini hadhi maalum sio uraia. Kwa hiyo wengi wamechagua kubaki na pasipoti ya Tanzania mkono mmoja na grini kadi mkono wa pili, miaka nenda rudi. Mtu wa namna hiyo hawezi kumudu kupoteza kadi, na pia hawezi kumudu kutokuja nyumbani. Hapo ndipo kizaazaa kinapoanzia.

KADI SIO HADHI

Hili ndilo la kushika kuliko yote. Kuna vitu viwili: kuna hadhi ya mkazi wa kudumu, halafu kuna kadi inayoonyesha kwamba unayo hiyo hadhi. Ni kama ndoa na cheti cha ndoa. Cheti kikiliwa na mchwa, ndoa bado ipo, unakwenda kuomba kingine. Lakini ukihama nyumbani miaka mitatu, hupigi simu, hutumi hata ya chumvi, cheti kinaweza kuwa kinang'aa ukutani na watu bado wakakuuliza ndoa iko wapi.

Marekani wenyewe wanalijua hilo. Kadi walizozitoa kati ya 1977 na 1989 nyingi hazikuwa na tarehe ya kuisha kabisa, na mwenye nayo hakuambiwa siku moja kwamba hadhi yake imeoza. Tarehe ya miaka 10 ni ya plastiki, picha na alama za usalama. Haimaanishi kwamba siku inayofuata tarehe hiyo wewe sio mkazi tena.

Upande wa pili ndio mchungu. Hadhi inaweza kufa wakati kadi ni nzima, imebakiza miaka sita. Inakufa pale ambapo Marekani wanaona umeacha kuishi kule. Wanatazama mambo ya kawaida ya maisha: nyumba yako iko wapi, kazi yako iko wapi, mke au mume na watoto wako wapi, unalipa kodi kama nani, ulipoondoka ulisema unarudi lini.

JIRANI ALIYEHESABU TAREHE MBILI

Nitoe mfano. Mama mmoja jirani yetu alikuja Februari kumuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Alipanga wiki sita. Wiki sita zikawa miezi. Wa kumgeuza bibi kitandani hakuna, mpunga uko shambani, ndugu kila mmoja ana lake. Ilipofika Novemba ndio akashtuka kwamba kadi yake inaisha Desemba. Akaja na bahasha, amebana ndani dola za ada, anataka tuijaze usiku huo huo.

Nikamuuliza, "Mama, achana na Desemba kwanza. Ulitoka Marekani tarehe ngapi?" Tukafungua pasipoti, tukatafuta muhuri wa KIA. Ilikuwa katikati ya Februari. Nikamwambia tarehe yake ya hatari sio Desemba iliyoko kwenye kadi, ni Februari iliyoko kwenye pasipoti. Kadi ikiisha Desemba bado anaweza kurudi. Februari ikipita akiwa hapa Mabogini, hapo mlango unakuwa mzito kweli kweli.

Kazi ngumu haikuwa fomu. Kazi ngumu ilikuwa kuwakalisha ndugu zake chini na kuwaambia kwamba dada yao lazima aondoke kabla ya mwaka kutimia, na kwamba lazima apatikane wa kukaa na mama yao. Maana ni yeye anayetuma hela za dawa kila mwezi, na hela hizo zinatoka kwenye kazi iliyoko kule. Akipoteza hadhi, bibi anapoteza dawa. Wakavutana wiki nzima. Mwishowe mdogo wake akahamia pale nyumbani na mama yule akasafiri Januari. Kadi yake ilikuwa imeshaisha.

HESABU TATU ZA KUKAA KICHWANI

Ya kwanza ni siku 180. Ukikaa nje zaidi ya hapo, sheria inawaruhusu kukutazama mpakani kama mtu anayeomba kuingia upya, na maswali yanaongezeka. Pia kama unataka uraia siku moja, safari ya zaidi ya miezi sita inahesabiwa kuwa imekata ule mfululizo wa miaka mitano wa kuishi kule, mpaka uthibitishe vingine.

Ya pili ni mwaka 1. Ukipitisha mwaka nje, kadi haikubaliki tena kama hati ya kusafiria kurudi, hata kama tarehe yake inaonyesha 2032. Shirika la ndege lina haki ya kukukatalia kaunta. Na kwa upande wa uraia, safari ya mwaka mzima inakata mfululizo moja kwa moja.

Ya tatu ni miaka 2. Huu ndio muda wa kibali cha kurudi, kile kinachoombwa kwa fomu ya I-131. Mwenye nacho anaweza kukaa nje mpaka miaka miwili bila kadi yake kugomewa kwa sababu ya muda. Lakini hiki kinaombwa ukiwa ndani ya Marekani, kabla hujaondoka, na alama za vidole unapigwa huko huko. Ukishafika Mabogini umechelewa.

Na kuna uzushi mmoja naomba tuuzike leo. Watu wanasema, "Wewe ingia kila baada ya miezi kumi na moja, kaa wiki mbili, toka, hadhi inabaki." Hapana. Mwaka mmoja ni kipimo cha kadi kama hati ya safari. Hadhi inapimwa kwa maisha. Mtu anayeishi Moshi miezi kumi na moja na nusu na kutembelea Marekani wiki mbili, ofisa mwerevu atamwona ni mkazi wa Moshi anayetembelea Marekani.

KADI IMEISHA, MWAKA HAUJAFIKA: SAFARI INAKUWAJE

Hali hii ndiyo ya jirani yetu. Kama kadi yako ilikuwa ya miaka 10 na hujamaliza mwaka nje, mwongozo ambao forodha na mipaka ya Marekani, CBP, wanawapa mashirika ya ndege unasema abiria kama huyo anaweza kupandishwa hata kadi ikiwa imeisha muda. Tatizo ni kwamba dada wa kaunta KIA anaweza asiujue. Yeye anaona tarehe imepita, anaogopa kampuni yake kupigwa faini. Sasa hapa ndipo kafe inakuwa na kazi. Ingia cbp.gov, tafuta mwongozo wa mashirika ya ndege, printi ukurasa unaohusu kadi zilizoisha, weka kwenye bahasha pamoja na pasipoti. Halafu piga simu au andika kwa shirika lako siku kadhaa kabla, sio asubuhi ya safari. Na ukumbuke nchi unayobadilishia ndege nayo ina sheria zake, ziangalie mapema.

Ukifika kule, ofisa atauliza kwa nini umekaa muda huo. Usitunge hadithi. Beba karatasi: barua ya hospitali, cheti cha kifo kama ulikuja kwenye msiba, makaratasi ya mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, tiketi ya kurudi uliyokuwa nayo mwanzo. Zenye Kiswahili zitafutie tafsiri. Anaweza kukutoza ada ya kusamehewa hati kwa fomu ya I-193. Ukishaingia, sasa ndio ujaze I-90, ile fomu ya kufanya kadi upya. Tangu Aprili 2024 ada yake iliwekwa dola 415 kwa intaneti na 465 kwa karatasi. Na tangu Septemba 2024, risiti ya I-90 iliongezewa nguvu, inaifanya kadi iliyoisha ihesabiwe hai kwa miezi 36 zaidi. Kwa hiyo mwenye safari ya nyumbani huku kadi inakaribia kuisha, jaza I-90 kabla ya kuondoka, na risiti ile uibebe kama unavyobeba pasipoti.

Kadi ikipotea au kuibiwa huku, hiyo ni habari nyingine na ina njia yake. Kuna fomu ya I-131A, unalipia kwenye intaneti dola 575, halafu unapeleka makaratasi ubalozini Msasani, Dar, kwa miadi. Wakiridhika wanakupa karatasi ya kupandia ndege. Masharti ni kwamba hujafikisha mwaka nje, au miaka miwili kama una kile kibali cha kurudi. Polisi Moshi uchukue ripoti ya upotevu siku ile ile.

Waliopata kadi kwa ndoa ya karibuni wajitenge kidogo na haya. Kadi yao ya kwanza ni ya miaka 2 na sio ya kufanya upya kwa I-90. Wanatakiwa kujaza I-751, ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Ikipita bila kujaza, hapo sio plastiki tu iliyoisha, hadhi yenyewe iko hatarini.

Na dada zetu mnaojifungulia nyumbani: mtoto aliyezaliwa huku wakati mama mkazi wa kudumu yuko kwenye ziara ya muda anaweza kuingia naye bila visa ya kuhamia, mradi hajafika miaka miwili na ni safari ya kwanza ya mama kurudi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti ya mtoto lazima viwe tayari. Wengi hawajui, wanamwacha mtoto kwa bibi na kuanza longolongo ya miaka.

MWAKA UMEPITA: BADO KUNA NJIA?

Ipo, ila ni nyembamba. Inaitwa visa ya mkazi anayerudi, SB-1. Unajaza DS-117 na kulipa dola 180, na ukikataliwa hela hairudi. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ulipoondoka ulikuwa mkazi halali, kwamba nia ya kurudi ulikuwa nayo na hukuiacha, na kwamba kuchelewa kumetokana na jambo lililokuwa nje ya uwezo wako. Ugonjwa mkubwa wenye makaratasi unaeleweka. "Nilipata dili la kununua mpunga nikasema nimalizie msimu" halieleweki, hata kama msimu ulikuwa mzuri.

Njia hii sasa ni ya kuombea isikufike. Desemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya visa kuanzia 1 Januari 2026, zikiwemo visa za kuhamia. Wenye grini kadi hai tangazo liliwaacha nje ya vizuizi hivyo. Maana yake mwenye hadhi alindwe nayo kama mboni ya jicho, kwa sababu ule usemi wa "ikipotea nitaomba upya" umekosa miguu.

Jambo moja zaidi kuhusu haki. Ofisa wa uwanja wa ndege hana mamlaka ya mwisho ya kukuvua hadhi. Anaweza kukupa fomu ya I-407, ambayo ni ya kusema kwa hiari yako kwamba umeacha ukazi. Neno ni hiari. Usiposaini, una haki ya kupelekwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, naye ndiye wa kuamua. Kuna watu wametia saini kwa uchovu wa safari, wakidhani ni karatasi ya kuchukulia mizigo. Soma kabla ya kusaini, na kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani.

VISHOKA WA MJINI

Kila penye foleni pana kishoka. Anayekwambia "nipe laki tano nikufanyie kadi upya kutokea hapa" anafanya kitu kimoja: anajaza I-90 kwa anuani ya mtu aliyeko Marekani na kusema kwamba wewe uko kule. Halafu inakuja barua ya kukuita ukapigwe alama za vidole, na wewe uko Mabogini. Usipokwenda, ombi linafungwa na ada imekwenda. Mbaya zaidi, umeacha maandishi ya uongo kwenye faili lako, wakati muhuri wa pasipoti unaonyesha siku ile ulikuwa wapi. Kwa kuokoa kadi unaua hadhi.

Vijana wa kafe, mkiombwa kujaza, hakikisheni anuani ya tovuti inaishia na .gov. Zipo kurasa zinazofanana sana na za serikali zinazokutoza hela kwa fomu ambayo yenyewe inapakuliwa bure. Mkimaliza, futeni nakala za pasipoti kwenye kompyuta, na mtu atoke kwenye akaunti yake kabla ya kunyanyuka kwenye kiti. Namba ya mkazi inayoanza na herufi A ni kama namba ya siri ya benki, haiachwi juu ya meza.

WA KANADA NA UINGEREZA JE?

Kanada wana hesabu iliyo wazi zaidi: siku 730 ndani ya nchi katika kila miaka mitano, sio lazima ziwe mfululizo. Kadi yao ya ukazi wa kudumu haitumwi nje ya Kanada. Ikiisha ukiwa huku unaomba hati ya safari ya mkazi wa kudumu, ada ni dola 50 za Kanada, unaingia nayo na kushughulikia kadi ukiwa ndani. Siku ulizokaa nje ukiwa pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada zinahesabika. Wakikunyima kwa madai kwamba hukutimiza siku, una siku 60 za kukata rufaa, usizilale.

Uingereza ndio wametupa ushahidi mzuri wa hoja yangu. Kadi zao za ukazi zenye alama za vidole waliacha kuzitoa, na nyingi ziliandikwa kuisha 31 Desemba 2024. Watu wakapata presha, wakadhani wanafukuzwa. Kumbe kilichokufa ni kadi tu. Haki ikahamia kwenye kumbukumbu ya intaneti, ile wanayoiita iviza. Mwenye ukazi usio na kikomo alibaki nao. Lakini akikaa nje ya Uingereza miaka miwili mfululizo, ukazi huo unakufa na kumbukumbu ya intaneti haitamwokoa. Nchi tatu, taratibu tatu, somo moja.

KABLA YA KUPANDA NDEGE YA KUJA NYUMBANI

Kwa hiyo ukiwa bado kule na unasoma hii, fanya haya. Tazama tarehe ya kadi. Kama imebaki miezi sita au chini, jaza I-90 kwanza. Kama unajua mgonjwa ni wa muda mrefu au mirathi ina mgogoro, omba kibali cha kurudi kabla ya kuja. Ada yake iliwekwa dola 630 mwaka 2024, ni hela nyingi, lakini linganisha na tiketi za kuhangaika. Acha akaunti ya benki inafanya kazi, leseni hai, mkataba wa nyumba au hata barua ya unayekaa naye. Kodi jaza kama mkazi hata mwaka ambao hukufanya kazi kule. Ukijiandika kwamba sio mkazi ili upunguziwe, umejitolea ushahidi mwenyewe. Nakala ya kadi, mbele na nyuma, jitumie kwenye barua pepe. Kwenye kalenda ya simu weka tarehe mbili, ya siku 180 na ya mwaka, ukihesabu tangu siku ulipotoka kule. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani azijue.

Hilo la mwisho nalirudia kwa sababu huku nyumbani tuna tabia. Mtu akija kutoka ughaibuni tunamng'ang'ania. "Kaa kidogo, subiri arobaini, subiri kikao cha ukoo, subiri mavuno." Tunafanya kwa upendo, na kila shughuli ina maana yake. Lakini mwenzetu yule anahesabu siku kimyakimya, anaona haya kusema, maana akisema anaambiwa amekuwa Mzungu, mila amezisahau. Tumwulize sisi wenyewe: "Mwisho wako wa kukaa ni lini?" Halafu kikao kipangwe kabla ya tarehe hiyo. Mirathi nayo, kama anatakiwa kusaini, ianze na saini yake, mengine yaendelee akiwa ameshaondoka, kwa mtu atakayempa mamlaka ya kumwakilisha.

Ada na sheria zinabadilika, kwa hiyo siku ya kujaza fungua uscis.gov uone za siku hiyo. Mwenye kesi yenye kona nyingi, aliyewahi kushitakiwa au kukaa nje miaka kadhaa, amtafute wakili wa uhamiaji wa Marekani mwenye leseni. Sio mimi na sio kishoka wa stendi.

Mliopitia haya, tuelezeni hapo chini ilikuwaje: kaunta walikwambia nini, ofisa aliuliza nini, karatasi gani ilisaidia. Wa Kanada na Uingereza pia msikae kimya. Ila namba za kadi na za pasipoti msiziandike hadharani, kafe hii ina macho mengi.